Zana Zisizo na Jina: Utambuzi wa Vifaa vya Kale katika Eneo la Mitunguu, Meru

Zana hudumu kuliko jina lake. Mti uliochongwa, udongo uliochomwa na chuma kilichofuliwa huweza kukaa ardhini au darini kwa vizazi kadhaa, ilhali neno lililotumika kuviita hufa pamoja na mzee wa mwisho aliyekuwa na haja ya kulitamka. Makala haya yanakusudia kuchunguza tatizo linalozaliwa na hali hiyo: mtu aliyeokota kifaa asichokijua afanyeje ili agundue kilikuwa cha kazi gani? Mifano yetu itatoka hasa Mitunguu na kwa majirani zake wa upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ingawa tutalazimika kuvuka mipaka hiyo mara kwa mara. Hoja itakayotetewa ni kwamba mwanaisimu ana sehemu yake katika kazi hii, sehemu ambayo mwanaakiolojia peke yake hawezi kuijaza. Lakini hatuna budi kuonyesha pia kwamba jina, likitegemewa pasipo ushahidi mwingine, huweza kupotosha.

Mitunguu ni mji mdogo wa soko katika Imenti Kusini, mahali ambapo barabara itokayo Nkubu huteremka kuelekea nchi kavu ya Tharaka. Leo mahali hapo hujulikana zaidi kwa ndizi zinazokuzwa kwa maji ya umwagiliaji, kazi iliyoshika kasi tangu mradi wa miaka ya 1980. Kwa mtafiti wa lugha na wa zana, hata hivyo, umuhimu wake ni kuwa njia panda. Juu yake ni nchi ya baridi, ya migomba na viazi vikuu. Chini yake ni nchi ya mtama, mawele, mbuzi na asali. Katika uainishaji wa Guthrie, Kimeru ni E53 na Kitharaka E54, yaani ndugu wawili wanaokaa mlango kwa mlango. Na Möhlig, katika utafiti wake wa lahaja za milima ya mashariki ya Mlima Kenya uliotolewa mwaka 1974, alionyesha jinsi lahaja hizi zinavyoingiliana pasipo mpaka mkali. Mambo ya zana ni vivyo hivyo. Kifaa kilichofanywa na fundi wa nchi moja kilibadilishwa kwa nafaka au mbuzi, kikatumiwa na mtu wa nchi nyingine, na labda kikaitwa kwa jina la tatu. Anayekiokota leo shambani, akichimba shimo la mgomba, hawezi kudhani moja kwa moja kwamba kilitumiwa pale pale kilipookotwa kwa kazi ile ile kilichofanyiwa.

Tuanze na majina. Msomaji wa pwani ataelewa mara moja nikisema kwamba mbuzi huwekwa jikoni na kwamba hukaliwa na mpishi. Sasa na afikirie karani wa makumbusho asiyejua Kiswahili cha pwani, akipokea kiti kidogo cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, pamoja na karatasi iliyoandikwa neno hilo moja tu. Kamusi atakayoifungua itampa mnyama. Asipojua nazi, atatunga habari ya kiti cha mchunga mbuzi, na habari hiyo itaandikwa kwenye kibandiko na kusomwa na watoto wa shule kwa miaka. Kadhalika kifuo, kile kijiti kilichochongoka kinachosimikwa ardhini ili kufulia nazi, kikiletwa Meru peke yake, aghalabu kitadhaniwa kuwa ni mti wa kuchimbia au mkuki wa mtu maskini. Na mzinga je? Neno hili hutaja makao ya nyuki na pia silaha inayorusha makombora. Linatupa umbo, yaani kitu cha mviringo kilicho wazi ndani, lakini kazi halitupi. Majina mengi ya zana katika Kiswahili ni ya namna hii. Yameazimwa kwa mnyama, kwa kiungo cha mwili au kwa umbo, na anayetaka kazi ya kitu hana budi kutafuta zaidi ya jina.

Kosa la pili limefanya madhara makubwa zaidi. Ni ile tabia ya kukipa kila kifaa kisichoeleweka sifa ya uganga au ibada. Wakusanyaji wengi wa vitu vya Afrika katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walifanya hivyo kwa wepesi, na sisi wenyewe hatujaacha. Bomba la udongo lenye tundu katikati likipatikana, huitwa la mganga. Jiwe la mviringo likipatikana, huitwa la kuapia. Matokeo yake ni kwamba watu waliokuwa na viwanda, mizani ya biashara na ustadi wa kupima joto la moto kwa macho huonekana katika vibandiko vyetu kama watu waliokaa mchana kutwa wakifukuza mapepo. Si kwamba vyombo vya ibada havikuwapo. Vilikuwapo, na baadaye nitavitaja. Nasema tu kwamba ibada isiwe kapu la kutupia kila tusichokijua.

Bomba hilo la udongo lafaa lielezwe kwa kirefu, kwa sababu ni mfano mzuri kuliko yote. Katika nchi zote zilizouzunguka Mlima Kenya, chuma kilifanywa kwa kuyeyusha mtapo au mchanga mweusi wenye chuma kwa makaa ya miti. Akina Routledge, katika kitabu chao cha mwaka 1910 juu ya Wakikuyu, waliieleza kazi hiyo wakati ilipokuwa bado hai, na baadaye Jean Brown aliuchunguza uhunzi wa Mbeere na wa sehemu nyingine za Kenya. Mhunzi alitumia mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, akipokezana mkono mmoja na wa pili ili pumzi isikatike. Midomo ya mivukuto hiyo haikutiwa motoni. Ilielekezwa katika mdomo mpana wa bomba la udongo, na bomba ndilo lililoingia katika makaa. Mara nyingi nafasi ndogo iliachwa baina ya midomo na bomba, na nafasi hiyo si uzembe wa fundi: mvukuto unapojazwa tena, huvuta hewa ya nje kupitia nafasi hiyo, hauvuti cheche na majivu kutoka motoni. Kiswahili cha pwani huliita bomba hilo kewa. Ni neno fupi, zuri, nalo limo katika hatari ya kusahaulika hata huko kwao.

Sasa mtu akiokota kipande cha kewa Mitunguu, ambapo hakuna mhunzi wa mivukuto aliyesalia karibu, atakitambuaje? Si kwa umbo, maana mabomba ni mengi. Atazame ncha zake mbili. Ncha iliyokuwa motoni huwa imeyeyuka kidogo, imepata ngozi ya kioo yenye rangi ya kijani au nyeusi, na pengine mavi ya chuma yameganda juu yake. Ncha ya pili ni pana, nyekundu, na udongo wake haukuiva sawasawa. Tofauti hiyo ya ncha mbili haiwezi kufanywa na moto wa kupikia wala na tanuri la vyungu, kwa kuwa moto wa vyungu huchoma pande zote. Ili mavi ya chuma yayeyuke na kutengana na chuma, moto hauna budi kupanda hadi nyuzi 1,150 au 1,200 za Selsiasi hivi. Chuma chenyewe, ambacho huyeyuka kwa nyuzi 1,538, hubaki kigumu kama sifongo kikingojea nyundo. Kwa hiyo kipande kimoja cha udongo, kikisomwa vizuri, hutoa habari ya kiwanda kizima: makaa, ngozi, mtapo na watu waliopokezana usiku na mchana.

Isimu huongeza habari hiyo. Katika Kimeru, kama katika Kikuyu, mhunzi ni muturi, na kitenzi chake ni -tura. Kwa sikio la Mswahili maneno haya ni mageni kabisa. Hata hivyo, tukikumbuka kwamba Kiswahili kiligeuza *t kuwa f mbele ya irabu ya juu kabisa, na kwamba kilipoteza *d iliyokuwa katikati ya shina, tutaona kwamba -tura ya Meru na -fua ya pwani ni neno moja, lile linaloandikwa *-túd- katika Kibantu cha awali. Kupotea kwa *d kunaonekana pia tukilinganisha mbura ya Kikuyu na mvua ya Kiswahili. Washona husema -pfura na Wabemba -fula, wote kwa kazi ya uhunzi. Mtu angeweza kuharakisha na kusema: basi Wabantu wa kwanza walijua kufua chuma. De Maret na Nsuka, katika makala yao ya mwaka 1977, walitutahadharisha. Kitenzi hiki yaelekea kilikuwa na maana ya kupiga au kuponda kabla ya chuma kujulikana, kikahamishiwa kwenye kazi mpya baadaye. Kiswahili chenyewe ni shahidi: twafua chuma, twafua nguo, twafua nazi. Hakuna chuma katika nguo wala katika nazi. Kilichopo ni kipigo au nguvu ya mkono.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtambuzi wa zana. Nyundo ya kwanza ya mhunzi wa nchi hizi mara nyingi ilikuwa jiwe gumu lisilo na mpini, na fuawe lake lilikuwa jiwe jingine kubwa. Jiwe la namna hiyo, lenye nyuso zilizosagika, hufanana mno na mchi wa kupondea au jiwe la juu la kusagia. Ukimwuliza mzee jina lake akakujibu kwa neno linalotokana na -tura, bado hujapata jibu kamili. Uliza lilipiga nini. Kisha ulitazame jiwe lenyewe: lililosaga nafaka hung'aa na kuwa laini uso mzima kwa sababu ya kusuguliwa, lililopiga chuma huwa na vishimo vidogo vidogo na mabanzi ya kutu yaliyojishika katika nyufa. Katika pango la Mto Njoro, ambalo Louis na Mary Leakey walilichimba mwaka 1938, pamoja na mabakuli ya mawe zilipatikana mawe ya kusagia na michi, na alama za ukoka mwekundu zilizosalia ndizo zilizoonyesha kwamba baadhi ya zana hizo zilisaga rangi. Umbo pekee lingetupeleka jikoni.

Matundu nayo huwasumbua wengi. Kuna kewa lenye tundu. Kuna jiwe lililotobolewa. Kuna githathi, chombo cha kiapo cha Wakikuyu, ambacho Wameru nao wanacho kwa jina la kithathi. Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alikieleza kuwa ni jiwe dogo jekundu lenye matundu saba ya asili. Hapa kweli pana ibada, na kipimo chake kiko wazi: matundu hayakutobolewa na mtu, idadi yake ni ile inayoogopwa, na kitu hakikuwekwa nyumbani pamoja na vyombo vya kila siku. Kipande cha kewa kilichopasuka, chekundu kwa moto, chaweza kufanana na kithathi machoni pa mgeni. Lakini mzee yeyote aliyelelewa Imenti asingevichanganya, na asingekubali kukigusa kimoja kwa namna anavyokigusa kingine. Mkono wa mzee kusita kabla ya kupokea kitu ni ushahidi, na mtafiti aliyeinamia daftari lake hautauona.

Tena kuna safu za vishimo zilizochongwa juu ya miamba. Wengine wamezidhania kuwa ni vinu, wengine mahali pa kumwagia sadaka. Vishimo vikiwa katika safu zilizo sawa, na vikiwa na kina kinacholingana, ni bao, mchezo ambao Wakikuyu huuita giuthi na Wameru kiuthi. Kule Hyrax Hill karibu na Nakuru mabao ya namna hiyo yaonekana hadi leo mwambani. Kinu huwa kirefu na chembamba chini. Shimo la bao ni kibakuli kinachotosha vidole vitatu kuchota kete. Hapana haja ya kusema zaidi.

Vipo vifaa ambavyo kazi yake haiwezi kukisiwa hata kidogo na asiyeambiwa. Mshale mfupi uliozungushiwa uzi mnene au kipande cha mti karibu na ncha ni mmojawapo. Mwindaji angeucheka, kwa kuwa hauingii mwilini zaidi ya upana wa ukucha. Ndiyo sababu yake hasa: hutoboa mshipa wa shingo ya ng'ombe ili damu ikingwe katika kibuyu, kisha jeraha lifungwe na mnyama arudi malishoni. Wamaasai na Wakikuyu waliutumia sana. Mwingine ni mtego wa fuko, kigogo kifupi kilichotobolewa ndani na kutiwa vitanzi vya kamba, ambacho kikipoteza kamba zake huonekana kama kopo la ugoro. Na kikoleo kidogo cha chuma kilichovaliwa shingoni si pambo, wala si cha mhunzi. Ni cha kung'olea ndevu. Katika vifaa vyote hivi sehemu iliyooza kwanza, yaani uzi, kamba au ngozi, ndiyo iliyobeba maana. Tunachokikuta ni nusu ya chombo.

Mizinga ya nyuki yastahili neno zaidi, kwani Tharaka ni nchi ya asali na Mitunguu ni mojawapo ya milango yake. Lugha za ukanda huu huuita mzinga mwatu, na Kikamba vilevile. Gogo lililochimbwa ndani laweza kuwa mzinga, pipa la asali au ngoma, na yote matatu yamewahi kuchanganywa. Ngoma huonyesha mahali pa kuwambia ngozi. Pipa la asali lina mfuniko unaobana na chini yake hakuvuji. Mzinga una kifuniko chenye tundu la nyuki kupita, una nta na gundi ya nyuki katika mianya, na mara nyingi una alama iliyochongwa au kuchomwa kwa moto. Alama hiyo ndiyo inayotuhusu sisi watu wa lugha. Lindblom, aliyeandika juu ya Wakamba mwaka 1920, alieleza jinsi alama za umiliki zilivyotiwa katika mali mbalimbali: mifugo, mishale, mizinga. Kwa mshale, alama ilimaliza ugomvi wa nani aliyempiga mnyama. Kwa mzinga, ilimwambia mpita njia kwamba mti ule una mwenyewe. Mtu aliyezoea kusema kwamba watu hawa hawakuwa na maandishi yafaa aeleze alama hizo ni nini, ikiwa si jina la mtu linalosomwa na mtu mwingine asipokuwapo mwenyewe.

Gicandi ya Wakikuyu huenda mbali zaidi. Kwa umbo ni kibuyu chenye mbegu ndani, na mtu akikitikisa atasema ni kayamba ya namna fulani. Lakini uso wake umechorwa alama, kila moja ikishika beti au fumbo, na washairi wawili hushindana kuzifumbua kwa kupokezana. Merlo Pick alikusanya matini yake katika kitabu cha mwaka 1973, Ngũgĩ wa Thiong'o akamfanya mpigaji wa chombo hicho kuwa msimulizi wa riwaya yake ya Kikuyu ya mwaka 1980, na Kimani Njogu akakifanyia uchambuzi wa kina wa kifasihi. Makumbusho inayokiweka gicandi katika kabati la ala za muziki haikukosea kabisa. Imeweka kitabu miongoni mwa ngoma.

Kinyume cha gicandi ni kiragu cha Mugwe. Bernardi, katika kitabu chake cha mwaka 1959, aliandika juu ya Mugwe, kiongozi wa baraka wa Wameru, na juu ya mkono wake wa kushoto ulioshika kiragu na kufichwa machoni pa watu. Mwaka uliofuata Needham alitoa uchambuzi mashuhuri juu ya mkono huo, na wanaanthropolojia wamebishana tangu hapo. Ajabu ni kwamba kitu kinachobishaniwa hakikuwekwa mezani. Nakubaliana na wanaosema kwamba kazi ya kiragu ilikuwa hiyo hiyo ya kutoonekana. Mtambuzi wa zana akubali kuishia hapo.

Mapokeo ya Wameru yenyewe yanacheza na swali letu. Husimuliwa kwamba walipokuwa Mbwaa, kisiwani katika pwani, chini ya watu walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu, walitakiwa kutoa vitu visivyowezekana, kama vile mkuki wa kugusa mbingu na viatu vyenye manyoya pande zote mbili. Ni orodha ya zana zisizo na kazi, zilizobuniwa ili fundi ashindwe. Wanahistoria hawakubaliani kuhusu Mbwaa. Lambert, aliyekuwa afisa wa serikali Meru katika miaka ya 1930, aliyachukulia mapokeo hayo kwa uzito. Munro aliyatilia shaka mwaka 1967. Fadiman akayarudia kwa kirefu. Kwetu yafaa ikumbukwe kwamba Lambert huyo huyo ndiye aliyekuja kuandika juu ya Kivumba, Kichifundi na Kijomvu, na kwamba diwani ya tungo za Kiswahili alizozikusanya ilichapishwa mwaka 1971. Mtu mmoja aliyeijua Meru na pwani kiasi hicho angeweza kutupa orodha sambamba ya istilahi za ufundi wa pande zote mbili. Haikuandikwa.

Orodha hiyo bado yaweza kuandikwa, lakini si kwa njia ya kawaida ya kuonyesha kitu na kuuliza, hiki chaitwaje? Swali hilo huleta nomino, na tumeona nomino zinavyofanya. Afadhali mtafiti ampe mzee kitu mkononi na kumwomba afanye nacho anachokijua, kisha amwulize kila tendo laitwaje: kupuliza, kupokezana, kuchochea, kutoa pumziko la moto. Vitenzi hivi hukaa kinywani hata baada ya jina la chombo kupotea, kwa sababu hutumika pia katika mambo mengine ya maisha. Waulizwe pia wanawake, ambao katika nchi hizi ndio waliofinyanga vyungu na wanaojua udongo upi huvumilia moto. Mhunzi mwenyewe huenda asiujue udongo wa kewa lake. Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jengo la mwaka 1916 lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, yako mwendo mfupi wa gari kutoka Mitunguu. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili, mwenye kinasa sauti, anayesema Kiimenti na anayesikia Kitharaka, akikaa Mitunguu siku za soko kwa muhula mmoja na kuzungumza na warina asali wanaopanda kutoka chini, atarudi na vitenzi vya kutosha kujaza daftari la kwanza. Aanze na mivukuto, kwa kuwa walioiona ikifanya kazi ni wachache kuliko walioiona mizinga.